Miguu Yote ya Kulia

Mwalimu wa ushonaji alikuwa na mikono isiyojua kukaa. Ukisimama naye mkizungumza mambo ya maana, yeye anakuokota uzi begani. Ukimletea nguo yenye mshono uliopinda, kabla hujamaliza kueleza ulivyopinda ameshaufumua, ameushona upya na kukurudishia, nawe umebaki na maelezo yako mdomoni. Wanafunzi walimpenda kufa. Walimbatiza jina la Bibi Pini, maana muda wote alikuwa na pini kadhaa amezibana kati ya midomo, na alikuwa amejifunza kucheka, kukaripia na kuitikia salamu kwa upande mmoja wa mdomo bila kudondosha hata moja.

Kila asubuhi alitangulia kufika chuoni. Alifagia darasa, akatia mafuta cherehani, akapanga mikasi, kisha akatandaza kitambaa cha siku hiyo juu ya meza ndefu: kimekunjwa safu mbili, uso kwa uso, kimenyooshwa mpaka hakina hata kunyanzi. Wanafunzi walipoingia, walichobakiza ni kuweka karatasi za vipimo juu yake na kukata. Walikata vizuri, na mwalimu akavimba kichwa.

Aliyekuja kumtoboa hicho kichwa ni mkuu wa chuo. Chuo kilikuwa na chumba cha mbele, chenye mlango unaotazama barabarani na cherehani tatu nzuri, na kila mwaka wanaomaliza ushonaji walipewa wakiendeshe kama duka lao, bila kodi, mpaka wasimame kwa miguu yao. Waliopewa mwaka juzi walikaa kidogo wakafunga. Waliofuata wakafunga mapema zaidi. Mkuu alikwenda kuulizia kwa majirani na wateja, akarudi na jibu ambalo Bibi Pini hakulipenda. Alisema vijana hawakuwa wavivu wala wabaya wa kushona. Ila kila mteja alipoingia na jambo ambalo hawakulizoea, walimwambia asubiri, wakatoka mbio kwenda kumwuliza mwalimu. Na ile wiki mwalimu alipougua mafua, duka zima liliugua.

"Safari hii nawapa kazi moja ya mteja wa kweli," mkuu alimwambia. "Toka kupima mpaka kukabidhi. Ukitia mkono, ukitia mdomo, hata ukikonyeza, chumba nawapa mafundi simu."

Mafundi simu hawakuwa na haya. Walikuwa wameshaingia na futi kupima ukuta wapi wataweka rafu.

Waliokuwa wanamaliza mwaka huo walikuwa watatu. Wa kwanza ni Kiranja, binti wa mdogo wake Bibi Pini, msichana wa kusimamia mambo, ambaye nyumbani alimwita Mama Mkubwa na akivuka geti la chuo tu anamwita Mwalimu kama vile hajawahi kulala kwake. Wa pili ni Kasuku, kijana ambaye mdomo wake ulitangulia kuzaliwa, mwenyewe akafuata. Wa tatu ni Kimya, mrefu, mpole, anayeweza kushinda kutwa bila kusema zaidi ya ndiyo na nipe mkasi.

Kwa Kasuku na Kimya chumba kilikuwa bahati nzuri. Kwa Kiranja kilikuwa maisha. Tangu mwaka wa kwanza alikuwa hana hadithi nyingine. Alishachagua mpaka rangi ya mlango. Lakini mama yake naye alikuwa na mpango wake. Alishamtafutia kazi ya kuuza sabuni na mafuta ya kujipaka kwenye duka la ndugu mmoja, na ndugu huyo alikubali kusubiri mpaka chumba kijulikane ni cha nani. Chumba kikienda kwa mafundi simu, Kiranja anasimama nyuma ya kaunta ya mtu. Bibi Pini aliyajua hayo yote, na yalimkaa rohoni kama mfupa kooni.

Kazi yenyewe ilitoka kwa bosi wa gereji iliyokuwa mtaa wa pili. Alitaka suruali za kazi kwa mafundi wake wote, na kitambaa alileta mwenyewe: kizito, upande wa uso buluu iliyoiva, upande wa mgongo buluu iliyopauka kama shati la siku nyingi. Alikiweka mezani, akakipiga kofi la kukisifu, akasema hapo hakuna cha ziada, kinatosha na kubaki vipande tu, kwa hiyo wasimchezee. Kiranja akamwambia asiwe na wasiwasi. Bibi Pini, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anafuta vumbi kwenye bawaba, ndiye aliyekuwa na wasiwasi wa wote.

Siku ya kukata alihamishiwa chumba cha jirani kuwafundisha wanafunzi wapya matundu ya vifungo. Kati ya vyumba hivyo viwili palikuwa na dirisha la kioo, na bahati mbaya kioo kilikuwa kisafi, maana alikisafisha mwenyewe. Alijiapiza hatatazama. Alitazama kabla hata wanafunzi wapya hawajakaa.

Kitambaa kilikuwa kimetandazwa mezani wazi. Hakikukunjwa. Kimelala safu moja, uso juu, na Kimya alikuwa anaweka karatasi ya upande wa mbele wa mguu, anachora kwa chaki, anaisogeza, anachora tena, bila hata mara moja kuigeuza. Kiranja alikuwa nyuma yake na mkasi.

Mtu yeyote aliyewahi kushona suruali anajua kwamba binadamu ana mguu wa kulia na wa kushoto, na kwamba ukikata safu moja bila kugeuza karatasi, miguu yote inatoka ya upande mmoja. Kitambaa kikiwa kimekunjwa, mambo yanajipanga yenyewe, mguu na mwenzake. Bibi Pini akataka kupiga kelele, lakini mdomo ulikuwa umejaa pini. Akazitema kiganjani moja moja, na alipozimaliza mkasi ulikuwa umeshakula nusu ya kitambaa.

Nusu. Nusu nyingine ilikuwa bado nzima. Akigonga kioo mara moja tu, Kiranja atageuka, atamwona, ataelewa, na nusu ya suruali zitapona. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye kioo. Hapo ndipo alipojiuliza mbona hawa watoto, ambao ndio bora aliowahi kuwafundisha, wamefanya kosa ambalo hata fundi wa kuweka viraka halifanyi. Na jibu likaja lenyewe, likamkalisha kwenye kiti. Hakuna kati yao aliyewahi kukunja kitambaa. Hakuna aliyejua kwamba kinakunjwa kwa sababu. Kila asubuhi walikikuta kimekunjwa, kama watu wanavyokuta jua limechomoza.

Alirudisha kidole mfukoni. Akawaachia wanafunzi wapya sindano na uzi, akatoka uani kwenye bomba, akaosha mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote, akaisugua, akaiosha tena. Aliporudi kitambaa kilikuwa kimekwisha. Watatu wale walikuwa wanapanga vipande kwa furaha na kupongezana, na yeye alitamani kulia.

Jioni alimsimulia mumewe, dereva mstaafu asiyeficha kicheko. Mzee alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kona ya kitambaa cha meza. Alipoona mkewe hacheki, akamsogezea sufuria ya mayai yaliyochemshwa, akachukua yai na kuanza kulimenya mwenyewe, jambo ambalo katika nyumba ile lilikuwa halijaonekana. Alilimenya vibaya, maganda yakabaki. Huku akitafuna na maganda yake, alimkumbusha kwamba mtoto wao wa kwanza alijifunza kupika wiki ile mama yake alipolazwa hospitali, na kwamba chakula kile kiliwashinda wote siku ya kwanza, lakini mpaka mama anarudi walikuwa wanaongeza sahani. Bibi Pini akamwambia hilo halihusiani na suruali. Mzee akasema labda. Usiku ule mwalimu alilala macho.

Kulipokucha, kosa likajianika lenyewe. Kasuku ndiye aliyelitambua, alipojaribu kuunganisha suruali ya kwanza na kupata kitu ambacho angeweza kuvaa mtu mwenye miguu inayotazama upande mmoja kama ya kuku kwenye picha. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikosa neno. Alipolipata, aliyapata yote kwa mpigo: kosa ni la Kimya aliyechora, hapana, ni la Kiranja aliyekata, hapana, ni la mteja aliyeleta kitambaa cha kubana. Kiranja akamjibu, sauti zikapanda, na ukutani upande wa pili wanafunzi wapya waliacha matundu yao wakatega masikio. Mwalimu wao naye alitega.

Baada ya muda mlango ukafunguliwa taratibu. Kiranja aliingia, akamvuta mwalimu pembeni, nyuma ya rundo la vitambaa.

"Mama Mkubwa," alinong'ona, na katika chuo kile hakuwahi kumwita hivyo. "Hapa hakuna anayetusikia. Niambie neno moja tu, tufanye nini."

Bibi Pini alikuwa na maneno mengi kuliko moja. Alikuwa ameshapata mawazo matatu tangu alfajiri, yote mazuri. Alimtazama mtoto wa mdogo wake, macho mekundu, chaki kwenye nyusi, akaona kwamba akilitoa neno hilo leo atalitoa na kesho, na mtondogoo, na kila mteja akiingia, mpaka siku yeye mwenyewe atakapokuwa hayupo.

"Sikwambii," alisema. "Rudi kwa wenzako."

Kiranja alimtazama kama mtu aliyefungiwa mlango usoni. Akatoka bila kuaga. Mwalimu alibaki nyuma ya rundo lile, akiona kabisa kwamba amemvunja moyo mtoto, na kwamba huenda amemvunja bure. Uchungu ulimshika hasa.

Yaliyofuata aliyapata baadaye kwa Kasuku, kwa hiyo msomaji atoe chumvi kidogo. Kasuku alitaka waende masokoni kutafuta kitambaa kinachofanana, wakate upya kimyakimya na bosi asijue lolote. Kiranja alikataa. Alisema kwa hasira kwamba kama hakuna wa kuwasaidia, basi wataanza na mwenye kitambaa, na watamwambia kabla hajauliza. Wakafunga vipande kwenye shuka, wakaenda gereji, Kasuku akiomba njia nzima yeye asiwe msemaji.

Bosi alisikiliza akiwa amekaa juu ya tairi. Kiranja alimwambia yote bila kupamba: tumekata miguu yote ya kulia, kosa ni letu, kitambaa chako hatujakitupa. Bosi alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Akauliza kama wanajua mtu yeyote mwenye miguu miwili ya kulia, ili amtafutie kazi. Mafundi wakavunjika mbavu. Bosi hakucheka. Alisema anataka suruali au kitambaa, na hapo mbele yake haoni hata kimoja.

Wakati huo Kimya alikuwa hasikilizi. Alikuwa anawatazama mafundi. Mmoja alitoka chini ya gari, mikono myeusi, akajifuta pajani. Mwingine akainua kichwa kwenye injini, naye akajifuta pajani. Suruali zao za zamani zilikuwa bado na buluu upande wa kushoto, lakini paja la kulia la karibu kila mmoja limekuwa jeusi tii, limekakamaa kwa mafuta, na la wawili limeshachanika. Kimya akaokota kipande kimoja kwenye shuka, akakigeuza, upande uliopauka ukawa juu. Mguu wa kulia ukawa mguu wa kushoto. Akauweka sakafuni kando ya mwenzake, mmoja wa buluu iliyoiva, mmoja wa buluu iliyopauka.

"Wanafuta kulia," alisema.

Hayo ndiyo maneno aliyoyasema, na Kasuku aliapa kwamba hajawahi kumsikia akihutubia kwa urefu namna hiyo. Kiranja aliyadaka hewani. Akamwonyesha bosi: mguu wa kulia, rangi iliyoiva, isiyoonyesha mafuta upesi. Juu ya paja lake, kipande cha ziada kilichoshonwa maradufu kutokana na mabaki, kinachofungwa kwa vifungo. Fundi akijifuta wiki nzima, anakifungua, anakifua chenyewe, suruali inabaki nzima. Hata gereji ya pili hawana suruali za namna hiyo. Bosi akasema itafanana na bendera. Kasuku, ambaye sasa ulimi ulikuwa umemrudia, akamwambia bendera ndiyo inayoonekana kwa mbali, mteja akipotea njia ataiona. Bosi alikuna kidevu, akaagiza washone moja kwanza. Ikifaa, waendelee. Isipofaa, watatu wote watamwoshea magari mpaka kitambaa kirudi.

Walishona siku ileile. Bibi Pini aliisikia cherehani kupitia ukutani, ikienda, ikisimama kitu kifumuliwe, ikienda tena. Kulikuwa na mahali fulani ambapo alitambua kwa sauti tu kwamba uzi wa chini umeisha na hawajajua. Alijikalia mikono. Hilo si neno la kupamba. Aliiweka chini ya mapaja yake akaikalia, na wanafunzi wapya wakamwona. Mara cherehani ikanyamaza, droo ikavutwa, kibobini kikabadilishwa, sauti ikaendelea. Alitoa mikono, akapumua.

Fundi mkubwa wa gereji aliivaa suruali ile kwa aibu, akashinda nayo. Kabla ya mchana wenzake walikuwa wanagombea nani atafuata. Mmoja tu ndiye aliyelalamika, kwa sababu alikuwa anatumia mkono wa kushoto na kipande cha kujifutia kilikuwa upande usio wake. Kiranja akampima upya palepale, akamwambia chake kitafungwa kushoto, na kwamba alikuwa na haki ya kulalamika. Yule fundi alitembea nusu siku akiwaeleza watu kwamba suruali yake ni ya kuagiza.

Siku ya kukabidhi mkuu wa chuo alikwenda gereji mwenyewe. Aliwakuta mafundi wamepanga mstari kama timu ya mpira, mguu mmoja giza mguu mmoja mwanga. Akazunguka nyuma yao, akavuta mishono, akafungua vifungo akavifunga. Kisha akamgeukia Bibi Pini, aliyekuwa amesimama mbali makusudi.

"Umetia mkono?"

"Hata kidole," alisema, na hakuwahi kusema sentensi ngumu kama hiyo na ikawa kweli. Mkuu akampa Kiranja ufunguo wa chumba cha mbele. Kiranja aliupokea, akamshukuru mkuu, akawashukuru mafundi, akampita mama yake mkubwa bila kumtazama.

Hilo lilimuuma Bibi Pini kuliko alivyotegemea. Alisherehekea nyumbani, alimpigia mdogo wake simu wakacheka pamoja habari ya sabuni zitakazokosa muuzaji, lakini usiku mumewe alimkuta amekaa jikoni peke yake. Alikiri waziwazi kwamba anaogopa mtoto amemchukia. Mzee akamchemshia chai.

Chumba cha mbele kilifunguliwa, mlango ukapakwa rangi ya manjano ya kuumiza macho. Wafyatua matofali walikuja kutaka suruali zenye vipande vya magotini. Mama mmoja wa kuuza samaki alitaka aproni ya kujifutia inayofunguka. Bibi Pini alikuwa anapita mbele ya mlango ule asubuhi na jioni, anasalimia, hasimami. Moyo ulikuwa unampeleka ndani, miguu inaukatalia.

Ijumaa moja Kiranja alitoka mwenyewe mpaka barabarani. Mikono ilikuwa imejaa chaki na nywele zimesimama.

"Mama Mkubwa, una kazi sasa hivi?"

Alisema hana. Alikuwa nazo tele.

"Basi ingia. Aproni zinachukuliwa leo na vifungo bado. Kasuku yuko kwa mteja, Kimya anakata."

Wakamwonyesha kiti cha pembeni, kile kifupi, cha mtu wa vifungo. Bibi Pini alikaa. Chumba kilikuwa kimepangwa tofauti kabisa na ambavyo angekipanga yeye. Mikasi ilining'inia ukutani badala ya kulala mezani, na pasi ilikuwa mahali ambapo asingeiweka kamwe. Alifyata ulimi, akatunga uzi kwenye sindano, akaanza. Kiranja alikuwa anampimia mteja, anamuuliza anainama mara ngapi kwa siku, mkono gani unashika kisu, na yule mama alikuwa anajibu kama mtu ambaye hajawahi kuulizwa.

Mteja alipoondoka Kiranja alikuja kukagua. Alichukua aproni moja moja, akavuta kila kifungo kwa vidole viwili. Kwenye ya nne alisimama, akavuta tena, akairudisha mapajani pa mwalimu wake.

"Hiki kimelegea, Mama Mkubwa. Kifumue."

Bibi Pini alikitazama. Kilikuwa kimelegea kweli. Aliinua macho akakuta binti amemsimamia, hana hasira wala haya, anasubiri kazi ya dukani kwake itoke sawa. Furaha ilimjaa mwalimu. Akachukua mkasi mdogo, akakata uzi, akaanza upya.